Macho Mapya ya Mama Sebin

Wanawake wa mtaa wa Pyeongni, jijini Daegu, Korea, walitofautiana katika mambo mengi, lakini kwenye jambo moja walikuwa na kauli moja: hapakuwa na mikono iliyojua kusugua mgongo wa binadamu kama mikono ya Mama Sebin. Jumapili mchana, ibada zikishaisha, walijaa Hamamu ya Okcheon na vibeseni vyao, wakaloweka miili kwenye maji ya moto mpaka ngozi zikalainika, kisha wakapanga foleni mbele ya kitanda chake cha plastiki. Kitanda cha pili, cha Mama Hyojin, kilikaa kando kikiwa kitupu. Mama Hyojin naye alikuwa na mikono, na alikuwa na glovu ya kijani ya kusugulia kama ya mwenzake, na hakuwa na foleni. Alikaa kwenye kigoda akimenya mayai ya kuchoma, akiwatazama watu wakingoja zamu kwa jirani. Walipomwona anatazama, waligeuka ukutani.

Jina halisi la Mama Sebin lilikuwa Pyo Insuk, lakini jina hilo lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye kumbukumbu ya mume aliyekwenda Gumi kuuza matairi na hakurudi na habari wala tairi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mikono ya mpiga makasia, na macho ambayo, ukiyavua miwani, hayakufaa hata kumtofautisha mtu na nguzo. Kitu alichokisogeza karibu na pua alikiona vizuri. Umbali wa mkono mmoja kilikuwa wingu. Na kazi ya kusugua watu inafanywa umbali wa mkono mmoja.

Miwani haikai hamamuni. Mvuke huifunga, na joto humenya vioo vyake kama maganda ya kitunguu. Alijaribu zile lenzi za kubandika jichoni, mpaka muuza miwani akamwambia kwamba ndani ya maji ya hamamu kuna vijidudu ambavyo hupenda kujificha chini ya lenzi na kula jicho polepole. Insuk hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tangu hapo alitundika miwani kwenye msumari mlangoni, akaingia kazini na vidole vyake tu. Vidole vilimwambia penye taka na penye mfupa, na kwa miaka mingi havikumdanganya.

Siku moja ya vuli vikamdanganya. Alilala kitandani pake bi harusi mtarajiwa aliyetaka ngozi ya kung'aa siku ya harusi. Begani palikuwa na wingu jeusi kidogo kuliko wingu lingine. Insuk akadhani ni taka ya miaka, akaichukulia kama tusi kwa taaluma. Akasugua. Wingu halikutoka. Akaongeza sabuni, akaongeza bega.

"Mama! Mama, unanichuna!"

"Vumilia, mwanangu, linakaribia kutoka."

Halikuwa linakaribia kutoka. Lilikuwa alama ya kuzaliwa, na kilichotoka kilikuwa damu. Bi harusi alipiga yowe lililowatoa watu ndani ya chumba cha mvuke, na mama yake akataja polisi, wakili na gazeti, kwa mpangilio huo. Jioni mwenye hamamu alimwita Insuk kaunta.

"Mama Sebin, nakupenda kama ndugu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue undugu unakaribia mwisho. "Lakini siwezi kuendesha machinjio. Tafuta dawa ya hayo macho, ama mimi nitatafuta macho mengine. Nakupa mpaka baridi iishe."

Nyumbani, binti yake Sebin alipopewa habari hakushangaa hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni na macho yake yalishachongwa kwa mwanga wa leza wiki chache baada ya mtihani wa kuingilia chuo, kama ilivyo ada ya nchi hii. Mtihani ukiisha, mabinti hupeleka macho kliniki, baadaye kope, halafu pua, wengine na taya, hata wakaingia chuo wakiwa kama magari yaliyotoka gereji. Kliniki nazo zina huruma: onyesha karatasi ya mtihani, upate punguzo. Hakuna aliyewahi kuuliza huo mtihani ulikuwa unapima nini.

"Mama, kachonge macho. Siku hizi hata bibi wa kuuza kabichi ya kimchi kachonga."

"Nikipofuka je?"

"Upofuke mara ngapi? Juzi umempa salamu mtungi wa gesi."

"Nilidhani ni mwenye nyumba."

"Ndiyo nasema."

Kliniki ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya juu, ina kahawa ya bure, samaki wa mapambo, na dirisha ambalo jamaa za mgonjwa wangeweza kusimama na kuangalia jicho la mpendwa wao likichongwa kwenye runinga kubwa. Aliyewapokea alikuwa msichana mwenye cheo cha mshauri. Alitandaza mbele yao aina tatu za upasuaji, kama mtu anayetandaza orodha ya tambi: ya kawaida, ya pekee, na ya hadhi. Kila moja ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka juu ya mlima.

Faida alizieleza taratibu, akitabasamu katikati ya sentensi. Utaamka na kuiona saa ukutani. Utaogelea. Mvua haitakusumbua. Uso wako utaonekana mdogo kwa miaka kadhaa. Hatari alizisoma kama mchungaji anavyosoma tangazo la msiba wa mtu asiyetoa sadaka: macho kukauka, taa za usiku kuota miale, maambukizi, kuona kurudi nyuma, konea, ule utando wa mbele ya jicho, kudhoofika na kuvimba, maumivu yasiyoisha kwa watu wachache sana, weka sahihi hapa.

"Hao wachache," Insuk alisema, "wana majina?"

"Samahani, mama?"

"Hao wachache sana. Wako wapi? Nataka kuongea na mmoja."

Msichana alicheka kwa adabu, akamsukumia kikombe cha kahawa.

Daktari mwenyewe alitokea baada ya vipimo, mtu mchovu aliyezungumza bila kuinua macho kwenye picha za konea. Huyu angalau hakutabasamu.

"Unene wa konea yako unatosha, lakini hauna ziada. Naweza kuichonga mara moja, si mara mbili. Umri wako nao umesogea. Ukiona mbali leo, baada ya miaka michache karibu patakukataa, utanunua miwani ya kusomea kama wenzako. Unafanya kazi gani?"

"Nasugua watu hamamuni."

Hapo akainua macho. "Basi usikanyage hamamuni kwa mwezi mzima. Mvuke, povu, maji waliyooga watu: ukivipeleka kwenye kidonda kibichi, usinilaumu. Nenda kafikiri. Watu hawaambiwi hivyo hapa, lakini nenda kafikiri."

Insuk alikwenda kufikiri, na kama mtu yeyote mwenye busara alikwenda kufikiri mbele ya watu wengi. Jumapili iliyofuata, ndani ya chumba cha mvuke, kabla ya foleni kuanza, alitangaza kwamba huenda akachonga macho.

Kimya kilichoingia hakikuwahi kuonekana mle ndani, chumba ambamo hata habari ya kifo haikuzuia watu kuomba kahawa ya barafu. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Tobaa! Macho yale aliyokupa Mungu?"

"Mama Sebin, jirani wa binamu yangu alichonga, sasa hivi anaona waume wawili. Na huyo mmoja tu alikuwa keshamchosha!"

"Jirani yangu mimi hajafunga jicho vizuri mpaka leo. Analala nusu macho kama samaki."

Aliyesema kwa uchungu kuliko wote alikuwa Mama Shemasi Namgung. Huyu alikuwa na miaka hamsini na tisa na tumbo bapa kama ubao wa kupigia pasi. Mara tatu alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba tumbo lile lilikuwa tunda la siku arobaini za kufunga na kuomba. Kina mama kadhaa walifunga kama yeye. Walichovuna ni vidonda vya tumbo.

"Mdogo wangu," alisema, akimshika Insuk mkono uliolowa, "mwili ni hekalu. Hekalu haliingizwi kisu. Kama Mungu alitaka uone zaidi, si angekupa tangu mwanzo?"

"Amina," alisema Mwenyekiti Bang, kiongozi wa wakazi wa majengo ya nyuma, akipepesa kope mbili alizokatiwa majira ya kuchipua. Kulikuwa na pua nyingi katika chumba kile, na sidhani kama mbili zilikuwa bado zile za kuzaliwa nazo. Zote zilielekezwa kwa Insuk kwa huzuni.

Insuk alilia. Hakuna mtu aliyewahi kumhurumia kwa wingi namna ile. Alirudi nyumbani akamwambia Sebin kwamba hachongi kitu, kwamba ana dada zake wanaompenda, na kwamba mwenye hamamu akimfukuza wao watamtetea. Sebin alimtazama mama yake kama anavyotazama simu iliyokwisha chaji.

Kesho yake, Jumatatu, siku isiyo na wateja, Mama Hyojin alimwita kwenye kigoda chake.

"Kaa. Kula yai. Halafu niambie, wewe ni mjinga au unajifanya?"

"Nimefanya nini tena?"

"Unadhani ile foleni ni ya mikono yako?"

"Ya nini basi?"

"Mikono yako ni mizuri, sikatai. Na yangu ni mizuri. Nilifundishwa Busan, kule ukisugua vibaya unatupwa baharini. Lakini mimi macho yangu ni mazima, Mama Sebin. Nikimsugua mtu, namwona. Huyo Mama Shemasi wako nilimsugua mara moja tu. Nikamuuliza, tena kwa upole, 'Mama, huu mshono wa nini?' Hajarudi kwangu tangu siku hiyo, hata salamu hanipi. Amejifunga taulo mpaka hapa, anafungua kwako tu." Alimenya yai jingine. "Wanakuja kwako kwa sababu mbele yako hawako uchi. Umenielewa? Wanakutaka hivyo hivyo ulivyo. Kipofu."

Insuk alikaa na yai mkononi. Mwenye macho haambiwi tazama, wasemavyo watu, lakini yeye hakuwa na macho, na ilibidi aambiwe.

Sasa akapima upya. Akibaki alivyo, atamchuna mtu mwingine, na baridi ikiisha kitanda chake kitapewa mgeni. Akichonga na ikaenda vibaya, atapoteza hata mawingu aliyokuwa nayo. Akichonga na ikaenda vizuri, ataona, na akishaona hana foleni. Hii hatari ya mwisho msichana wa kliniki hakuisoma, si polepole wala haraka. Katika orodha yote ile ya kukauka na kuvimba, hakuna aliyeandika kwamba upasuaji ukifaulu unaweza kumfukuza mtu kazini.

Mtu mnyoofu angesema: nitachonga, nitawaambia, anayetaka abaki na asiyetaka aende. Insuk alichagua njia ya tatu, ile ambayo wajanja huiita hekima. Alitangaza kwamba mama yake, kule Yeongju, ameanguka kutoka kwenye mtofaa na kuvunjika nyonga, na kwamba anakwenda kumuuguza kwa mwezi mmoja. Kina mama wa hamamu walichanga boksi la supu ya mifupa kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, mzima kama chuma, alikuwa juu ya mtofaa wake siku ileile akichuma matunda na kuwatukana ndege. Supu ilinywewa Daegu.

Upasuaji ulikuwa mfupi. Walimpa mwanasesere wa dubu amkumbatie, mwanamke wa miaka arobaini na moja, naye akamkumbatia kwa moyo wote. Akaambiwa atazame taa ya kijani. Akasikia harufu kama ya nywele zilizoungua, akamwita mama yake mara moja, na kazi ikaisha. Siku za kwanza macho yaliwasha kana kwamba yamepakwa pilipili, na Sebin alimtia matone huku akimkaripia kama mtoto.

"Usifikiche!"

"Sifikichi, nayafuta tu."

"Huko ndiko kufikicha, Mama."

Asubuhi moja aliamka, akafungua macho, akaiona dari. Msichana wa kliniki alimwahidi saa ukutani na mwanamke juu ya mlima. Insuk aliona ukungu. Ulikuwa ule wa kuvu, mweusi, umeenea kona hadi kona, na ulionekana kuishi pale kwa raha kwa miaka mingi, juu ya kitanda cha mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Usafi. Akaenda kwenye kioo kujionea uso mdogo kwa miaka kadhaa, akahesabu makunyanzi mpaka akachoka. Kisha akatafuta ngazi na dawa ya ukungu.

Mwezi ulipoisha alirudi kazini na miwani mpya. Vioo vilikuwa vinene kama kitako cha chupa na havikuwa na nguvu yoyote. Muuza miwani alivikata bila kuuliza, maana biashara ni biashara. Akaitundika kwenye msumari mlangoni, akaingia akipapasa ukuta.

"Mama Sebin! Nyonga ya bibi vipi?"

"Nani huyo? Ah, Mwenyekiti Bang! Sauti yako nimeimisi."

Uongo ni uongo hata ukivishwa miwani, lakini lazima ikubalike kwamba huu ulivaa vizuri. Foleni ilirudi palepale. Walilala mbele yake mmoja baada ya mwingine, wakajiachia kama kawaida, na Insuk akawaona. Macho hayana pazia. Aliuona mshono wa Mama Shemasi, uliokwenda nyonga hadi nyonga. Kumbe zile siku arobaini za maombi zilihitaji na uzi wa hospitali. Aliiona tatuu ya Mwenyekiti Bang, chini ya kiuno, jina la mwanamume lililozungukwa na waridi. Mumewe Mwenyekiti hakuwa na jina hilo.

Na hapa Insuk alijiharibia. Mwanzoni aliona aibu na kugeuza macho. Baada ya wiki hakugeuza. Baada ya wiki nyingine alianza kungoja zamu ya fulani na fulani kwa hamu, kama watu wanavyongoja tamthilia ya saa mbili. Mwenyekiti Bang aliposimama kwenye mkutano wa wakazi kukemea mabinti wanaovaa sketi fupi, Insuk, aliyekaa nyuma na miwani yake ya uongo, alitabasamu kwa namna ambayo ingemtia hofu mtu yeyote aliyejua anachotabasamia. Ndivyo kosa dogo lilivyo. Huja mlangoni kuomba maji ya kunywa, ukigeuka limekwisha kaa kwenye kiti chako.

Wa kwanza kumgundua alikuwa, bila shaka, Mama Hyojin. Insuk alikuwa anapita na ndoo, akakuta kipande cha sabuni sakafuni, akakiruka.

"Mama Sebin," sauti ilitoka kwenye kigoda, ndogo na tamu, "vipofu hawaruki sabuni."

Insuk alisimama.

"Usihofu, mwenzangu. Mimi sina mdomo. Ila Jumamosi nimechoka kukaa bure. Jumamosi si ungekuwa unaumwa?"

Basi ikawa kila Jumamosi Mama Sebin anaumwa kichwa, na wateja wa Jumamosi, wasio na pa kwenda, wanalala kwa Mama Hyojin na mataulo yao.

Baridi ilikuwa imefika katikati. Mwenye hamamu hakuwa na malalamiko tena, hakuna aliyechunwa. Kila mtu alikuwa na alichotaka. Ilikuwa Jumapili kama nyingine, na Mama Shemasi Namgung alikuwa amelala kifudifudi akisimulia jinsi mke wa mchungaji anavyopika vibaya. Insuk alimaliza mgongo, akamaliza mapaja, akainua mguu wa kulia kusugua wayo.

Kwenye kisigino, upande wa ndani, palikuwa na doa. Lilikuwa jeusi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kingo zake hazikuwa na mpaka, zimesambaa kama wino uliodondokea karatasi mbichi. Katikati palikuwa pabichi, panavujia damu kidogo. Insuk alikuwa amesugua mguu huo mwaka mzima. Vidole vyake vya sifa havikuwahi kusema neno, na macho mapya yalikuwa yakiishia tumboni.

Aliliona doa kama hilo mara moja tu maishani, akiwa mtoto, kwenye wayo wa shangazi yake. Walimpaka mafuta ya ufuta, wakamwambia ni sugu ya shamba. Walimzika kabla mpunga haujavunwa.

Mama Shemasi asingeweza kuliona mwenyewe. Kwa umri wake karibu palikwisha kumkataa. Bila miwani ya kusomea hakuiona hata sahani yake, na nani huvaa miwani ya kusomea ili asome kisigino? Mumewe hakuwa ameuona wayo huo tangu fungate. Watu wengine wote alijifunga taulo mbele yao. Katika jiji zima la watu wenye macho, macho yaliyopewa nafasi ya kuuona mguu ule yalikuwa mawili tu, na yenyewe yalikuwa kazini kwa udanganyifu.

Insuk alishusha mguu. Akauinua tena. Akajaribu njia ya wajanja.

"Mama Shemasi, huku kisiginoni kama nahisi kitu."

"Sugu hiyo, mdogo wangu. Kusimama kwenye maombi. Sugua tu, tena kwa nguvu."

"Labda ungemwona daktari."

"Daktari wa sugu? Utanichekesha mie." Akarudi kwa mke wa mchungaji na supu yake.

"Mama Shemasi, si sugu. Ni kitu kibaya. Ni cheusi."

Simulizi ya supu ilikatika. Mama Shemasi aligeuza kichwa polepole, shavu likiwa limebandikana na plastiki.

"Ni nini?"

Insuk alirudi kuutazama wayo.

"Umesema cheusi. Weusi unashikika kwa mkono, Mama Sebin?"

Foleni ilikuwa karibu, na foleni ilitega masikio. Insuk angeweza bado kucheka, kusema ulimi umeteleza, kusugua sugu kwa nguvu kama alivyoombwa. Kitanda, foleni na kodi ya nyumba vilikuwa upande ule. Upande huu palikuwa na kisigino cha mwanamke ambaye, tuseme ukweli, hakumpenda sana.

"Naona," alisema. "Naona tangu niliporudi. Sikwenda Yeongju, nilichonga macho. Mama yangu mzima, hajavunjika kitu."

Mama Shemasi alikurupuka akakaa, akavuta taulo kwa mikono miwili. Ameambiwa kuna kitu kibaya mguuni pake. Taulo alilikandamiza tumboni.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Yote?"

"Yote. Sasa nisikilize. Hilo tumbo halitakuua. Huo mguu utakuua. Shangazi yangu alikuwa na doa hilohilo, na hakuna aliyemwambia. Usiende kuomba kwanza. Nenda hospitali, halafu uombe."

"Nyoka wewe," alisema Mama Shemasi kwa sauti ya chini. "Nyoka. Na supu yetu ukanywa."

"Nimekunywa. Nitakulipa. Nenda hospitali."

Alishuka kitandani, akaondoka na taulo lake, na kila mtu aliona kwamba kisigino cha kulia hakukikanyaga. Nyuma yake waliondoka waliokuwa kwenye foleni, wengine bila hata kusuuza sabuni. Mwenyekiti Bang aliondoka kinyumenyume, mgongo wake ukutani.

Mama Shemasi hakuonekana Pyeongni kwa wiki kadhaa. Aliporudi kanisani alitembelea mkongojo, akaomba dakika chache za ushuhuda. Habari Insuk aliletewa na Mama Hyojin, neno kwa neno.

"Kasema aliota ndoto. Mkono wa nuru ukashuka ukamshika kisigino, na sauti ikasema, amka, nenda kwa madaktari. Wakaikuta saratani ya ngozi mapema, kabla haijashuka ndani. Wameikata yote. Kanisa zima limelia, mchungaji kalia, hata mimi niliyekuwepo siku ile kando ya kitanda chako nilikaribia kulia."

"Atapona?"

"Daktari kasema atapona. Anasuguliwa upande wa pili wa mji sasa, kwa mtu mgeni." Alimtazama mwenzake. "Hukutajwa hata kidogo, Mama Sebin. Hata kama 'mtu fulani'."

"Mkono kautaja," Insuk alisema. "Ni wangu ule."

Mama Hyojin alicheka, akasimama, maana alikuwa na wateja. Siku hizo alikuwa anaingia hamamuni na miwani mikubwa ajabu, akiitundika kwenye msumari na kupapasa ukuta. Uzee, alieleza, macho yamemgeuka ghafla. Hakuna aliyeomba ushahidi. Foleni ilihamia kwake na vibeseni vyake vyote, ikamsifu kwamba hakuna mikono duniani kama ile ya Busan.

Mwenye hamamu hakumfukuza Insuk, kwa kuwa hakuvunja sharti. Alimpa kazi ya kuosha sakafu asubuhi ili kitanda kisiwe hasara. Macho yalikauka kama yalivyotabiriwa, akatembea na kichupa cha matone kwenye aproni. Jioni akirudi nyumbani kila taa ya barabarani ilikuwa na ndevu. Sebin alipomuuliza kama anajuta, alisema anajuta supu ya mifupa.

Kabla baridi haijaisha aliingia kikongwe mmoja anayeuza mboga karibu na kituo cha basi, mgongo umepinda, hana kibeseni. Alitazama kitanda chenye foleni, akatazama kitanda kitupu, akaja kwenye kitupu.

"Wewe ndiye unayeona?"

"Ndimi, bibi."

"Wamenionya nisije kwako." Alipanda kwa shida, akalala kifudifudi, akashusha pumzi. "Haya, niangalie huko nyuma, mwanangu. Mimi mwenyewe sijawahi kupaona tangu nizaliwe. Kuna nini?"

Insuk alijifuta maji mikononi, akadondoshea tone kila jicho, akainama.

"Kuna mgongo, bibi," alisema. "Ngoja nianze juu."